Kikombe cha Asnath

Chuoni kwetu Dodoma hakuna kongamano la haki za wanawake linalompita Asnath, binti wa kijiji cha Gulwe ninayelala naye chumba kimoja. Hatulii huyo! Juzi kulikuwa na mdahalo wa urithi wa ardhi. Pande zilipangwa kwa kuokota vikaratasi, akaangukia upande wa kupinga wajane kurithi. Nikamwambia ajitoe. Wapi! Akasimama, akamwaga hoja za baba yake mdogo, zile zile alizomnyang'anyia mama yake Asnath shamba baada ya msiba wa mumewe. Ukumbi mzima ukapiga makofi, wakampa kikombe.

Jioni chumbani hakukaa chini. Alikihamisha kile kikombe kutoka mezani hadi dirishani, kisha chini ya kitanda. Mama yake akapiga simu.

“Nasikia umeshinda, mwanangu. Hebu niambie, ulisemaje?”