Fundi wa friji aliyeomba radhi kwa kosa lisilokuwepo

Saa moja na nusu asubuhi, bucha bado halijafunguliwa kwa wateja, lakini fundi amekwishapiga magoti nyuma ya chumba cha baridi, tochi mdomoni, sikio karibu na kompresa. Anasikiliza. Anainuka, anafungua mlango mzito, anachungulia kipimajoto, anaufunga. Anasimama kidogo akisugua viganja, kisha anaufungua tena.

"Fundi," anasema mwenye bucha, mama mmoja mwenye aproni nyeupe, huku akinoa kisu, "humu ndani kila kitu kimeshaganda isipokuwa wewe."

"Samahani, mama. Hii ndiyo mara ya mwisho."

"Ulisema hivyo jana jioni."

Feni aliyoibadilisha juzi inazunguka vizuri. Nyama ni ngumu kama gogo. Hakuna aliyemwita leo. Amekuja mwenyewe, kabla ya saa za kazi, kuhakikisha kwamba alichokwisha kukihakikisha kimehakikika.

Ndiyo maana kazini wanamwita Rudia.

Ana miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka kumi na minane ameajiriwa na kampuni ndogo yenye mafundi tisa, inayotengeneza friji na vyumba vya baridi vya maduka, mikahawa na zahanati. Wenzake wakikwama, humpigia yeye. Anaweza kujua kwa sikio tu kama mota imechoka au raba ya mlango imepasuka. Lakini ukimwambia kwamba anaijua kazi, anaanza kutazama viatu vyake.

"Huwa nafikiri mtu akinisifu, ni kwa sababu hajachunguza vizuri," anasema. Anasema hivyo akiwa amesimama. Mwandishi alimpa kiti mara tatu; mara zote alikaa dakika moja, akainuka kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Wakubwa wake nao wana simulizi zao. Miaka miwili iliyopita, chumba cha baridi cha duka moja kilizima usiku kucha na maziwa yote yakaharibika. Rudia ndiye aliyekihudumia wiki hiyo. Kabla hata ya mtu kwenda kukagua, alimpelekea meneja barua ya kurasa mbili akiomba radhi kwa uzembe wake. Ukaguzi ulipofanyika, ikaonekana mfanyakazi wa usafi alichomoa waya ili achaji simu.

"Nilimwita ofisini nikamwambia, bwana wee, umekiri kosa ambalo halikutokea," anakumbuka meneja wake akicheka, kisha anaacha kucheka. "Akaniomba radhi kwa kuandika barua."

Mara mbili kampuni imemtaka awe msimamizi wa mafundi. Mara zote mbili alikataa.

Nyumbani, mke wake, ambaye hushona sare za shule kwenye chumba cha mbele, alizoea. Alizoea kuamshwa na mume anayejiuliza kama alikaza nati. Alizoea chai kupoa mezani kwa sababu mwenye kikombe amerudi kwa mteja. Kilichomshinda kilitoka mdomoni mwa binti yao wa miaka tisa.

Mtoto huyo alirudi shuleni na karatasi ya mtihani wa hesabu yenye alama tisini na mbili. Mama yake akapiga kigelegele. Mtoto akaikunja karatasi na kusema, "Labda mwalimu amekosea kujumlisha."

"Nilisimamisha cherehani," anasimulia mke. "Nikamgeukia mume wangu pale mlangoni. Nikamwambia, 'Umesikia? Hiyo siyo sauti ya mtoto. Hiyo ni sauti yako, imehama tu mdomo.'"

Rudia alitoka nje, akauzunguka ukuta wa nyumba mara mbili kama mtu aliyepoteza ufunguo, kisha akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa na kuandika kwenye simu: kwa nini najidharau.

Majibu yalimwagika kama maji ya bomba lililopasuka. Kulikuwa na waliouza vidonge vya kujiamini. Kulikuwa na waliotaka picha ya kiganja chake. Kulikuwa na kijana mwenye suti aliyepiga kelele kwa dakika arobaini kwamba umaskini ni uamuzi.

Wa kwanza kumnasa alikuwa mhamasishaji mwenye kundi la watu zaidi ya mia mbili kwenye simu. Kila asubuhi, kila mmoja alipaswa kutuma sauti yake akisema: "Mimi ni mshindi." Rudia alijifungia chooni kazini akarekodi. Akasikiliza, akafuta. Akarekodi tena.

"Mara kumi na moja," anasema. "Ya kumi na moja nilisikika kama mtu anayesingiziwa. Nikajitoa kwenye kundi. Kabla ya kujitoa nikaandika, 'Samahanini.'"

Wa pili, aliyejiita mshauri, alikuwa na picha nzuri, koti jeupe na rafu ya vitabu nyuma yake. Alidai alipwe vikao vitatu kabla ya kuanza. Rudia alipotuma, mtu huyo akayeyuka kama barafu juani: simu haiiti, ujumbe haufiki.

Mtu mwingine angekasirika. Yeye aliwaza kwamba pengine aliandika jambo lililomuudhi. Siku nne mfululizo alituma ujumbe wa kuomba radhi kwa tapeli.

Mke wake ndiye aliyezikuta jumbe hizo. "Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia," anasema. "Nikamwambia, baba watoto, friji ukiinunua huulizi imetoka wapi, nani ameitengeneza, ina dhamana gani? Basi uliza na huyu atakayekufungua kichwa."

Wakaandika maswali pamoja, nyuma ya kipande cha karatasi ya kukatia mifano ya nguo. Umesomea wapi? Una leseni? Nani anakusimamia? Tukishindwana, natokaje? Rudia aliona haya kuyatuma. Kumuuliza msomi leseni yake, alihisi, ni kama mgeni kukagua sufuria za mwenyeji. Aliyatuma kwa mshauri nasaha mmoja, mwanamke anayefanya kazi kwa njia ya mtandao kutoka mji mwingine, na akayazungushia samahani tano.

Jibu lilikuja baada ya saa moja. Lilikuwa na namba ya leseni, jina la chama kinachomsimamia, na sentensi moja mwishoni: "Umefanya vizuri kuuliza."

"Hiyo sentensi ilinisumbua wiki nzima," anasema Rudia. "Nilikuwa naisoma natafuta mahali pa dhihaka. Sikupaona."

Kikao kimoja ni dakika hamsini, kila Alhamisi saa tano asubuhi. Ada yake ni sawa na mshahara wa Rudia wa siku moja na nusu. Mke na mume wanachangiana. Nyumbani hakuna faragha, wateja wa sare wanaingia na kutoka, kwa hiyo kikao hufanyika ndani ya gari la kazi, limeegeshwa nyuma ya soko, vioo vimepandishwa, mitungi ya gesi ikiwa abiria.

Dereva wa gari hilo, anayefukuzwa kila Alhamisi akatafute kivuli, hakuchukua muda kupata maelezo yake mwenyewe.

"Nilijua tu ana nyumba ndogo," anasema dereva. "Mtu gani anayejifungia na simu, akitoka macho mekundu? Nikamwambia, kaka, una mke mzuri, acha hayo."

Rudia anakiri kwamba kwa wiki mbili alimwacha dereva aamini hivyo. Ilikuwa nafuu. Mwanamume mwenye hawara watu humsengenya, lakini wanamwelewa. Mwanamume anayelipa ili mtu amsikilize akisema hajiamini? Mwishowe alimweleza ukweli wakiwa kwenye foleni ya magari.

Magari yakasogea, dereva akaingiza gia. "Na inasaidia?"

"Sijui bado."

Haikusaidia kwa kasi aliyoitaka. Mshauri alimpa kazi: kila anaporudi kwa mteja kukagua, aandike alichokuwa akikiogopa na alichokikuta. Kwa mwezi mmoja alirudi mara hamsini na tatu. Alikuta hitilafu moja: mteja aliacha mlango wazi.

"Nikamwambia mshauri, 'Unaona? Mara moja ilikuwepo!'" Anatikisa kichwa. "Akauliza, 'Na hizo hamsini na mbili tuziweke wapi?' Nikamkasirikia. Nilitaka anihurumie, siyo anihesabie."

Kisha likatokea jambo la friji ya baba yake.

Mzee huyo, fundi magari mstaafu, anaishi peke yake mitaa mitatu kutoka nyumbani kwa Rudia. Ana ugonjwa wa kisukari, na dawa zake za sindano lazima zikae kwenye baridi, lakini zisigande. Utotoni, Rudia na kaka yake walikuwa wakimsaidia gereji. Kaka alipewa spana. Yeye alipewa tochi. "Shika taa tu, wewe utaharibu" ni maneno aliyoyasikia hadi alipoondoka nyumbani.

Friji ya mzee ilipoanza kusumbua, kaka mkubwa, anayefanya kazi mbali, alipiga simu. "Mdogo wangu, usijisumbue. Baba ameniambia, nimemtumia fundi."

Fundi. Katika familia yenye fundi wa friji wa miaka kumi na minane.

"Nilisema, 'Sawa kaka, asante,'" anasimulia, na kwa mara ya kwanza anatulia tuli. "Nikakata simu, nikamshukuru tena kwa ujumbe."

Alhamisi iliyofuata alizima simu kabla ya saa tano. Na iliyofuata. Na ya tatu. Alirudi kwenye kukagua kwa ari mpya. Wiki moja alimtembelea mteja mmoja mara sita, mpaka mteja akalalamika kwa meneja kwamba fundi wake anamtia wasiwasi. Usingizi ukamhama. Mke akawa anamsikia akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mshauri hakumfuata kwa kelele. Alituma ujumbe mmoja tu kwamba saa yake ya Alhamisi bado ipo. Kwa ruhusa ya Rudia, alizungumza kwa kifupi na mwandishi, bila kutaja yaliyosemwa vikaoni. "Alikuja akiniomba radhi kwa kunisumbua," alisema. "Nikamwambia kusumbuliwa ndiyo ajira yangu. Lakini kusikia ni jambo moja, kuamini ni safari nyingine. Watu huondoka njiani. Wengine hurudi."

Rudia alirudi wiki ya nne. Alimweleza mshauri habari ya friji, akalia, na anasema hilo bila kutazama viatu. Mshauri hakumwambia la kufanya. Alimuuliza kama, angekuwa mteja, angemwita fundi gani. Rudia akajibu haraka, bila kufikiri: "Ningejiita mimi." Kisha akashtuka, kana kwamba ametukana.

Siku mbili baadaye alikwenda kumsalimia baba yake. Alipofungua friji kumtolea maji, aliona chupa za dawa zimefanya barafu kwa ndani. Yule fundi aliyetumwa alikuwa amejaza gesi akaondoka. Mashine ilikuwa haizimi kabisa.

"Baba, dawa hii umeitumia leo?"

"Bado. Kulikoni?"

"Usiitumie. Imeganda, imeharibika."

"Basi mpigie kaka yako, amlete tena yule fundi."

Mkono wa Rudia ulikuwa umeshashika simu. Akairudisha mfukoni.

"Baba, kaka yangu ni mhasibu," alisema. "Fundi wa friji ni mimi."

Mzee alimtazama. Alisogeza kiti chake pembeni ili kupisha njia.

Kilichoharibika kilikuwa kidhibiti joto, kifaa kidogo kisichozidi kiberiti, ambacho kazi yake ni kuiambia mashine ipumzike. Alikibadilisha kwa dakika arobaini, akaenda zahanati kuchukua dawa mpya, akakaa na baba yake saa mbili wakiisikiliza mashine ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima.

"Inanguruma kidogo," alisema mzee mwishoni.

"Ni ya zamani, baba. Itanguruma."

Hakusifiwa. Anadai hakutegemea. Alipofika nyumbani alianza kuhesabu: alitaka kurudi kukagua mara tisa usiku ule, na asubuhi yake akarudi mara moja. Mshauri alipoambiwa alicheka, naye akacheka. Kaka mkubwa alipiga simu kuuliza habari za fundi, na Rudia akamjibu kwamba fundi amekwishalipwa kwa kikombe cha chai.

Binti yao ameshaanza kubandika karatasi zake za mtihani ukutani, juu ya cherehani. Mama yake anasema ya kwanza aliibandika kwa gundi nyingi mno, makusudi, ili mtu asiibandue.

Alhamisi hii, saa nne na dakika arobaini, Rudia yuko ndani ya gari nyuma ya soko, na juu ya usukani kuna fomu. Nafasi ya msimamizi wa mafundi imetangazwa tena. Safari hii meneja hakumwita ofisini kumbembeleza. Aliiacha fomu juu ya kisanduku chake cha vifaa bila neno.

Mwisho wa kuirudisha ni kesho. Kuna sehemu inayosema: Eleza uwezo wako. Ina mistari mitano. Kwa siku kumi ameijaza mistari miwili, kwa penseli, na karatasi pale imekonda kwa kufutwafutwa.

Anaisoma kwa sauti ya chini: "Naijua kazi ya friji. Wenzangu wakikwama huniita."

Mwandishi anampongeza. Rudia anapangusa vumbi kwenye dashibodi ambako hakuna vumbi.

"Mistari mitatu imebaki," anasema. "Usinisaidie. Nina mambo mawili kichwani, sijui kama ni ya kweli au najisifu. Nitamuuliza mshauri... Hapana. Sitamuuliza. Nitayaandika, halafu nimwambie kwamba nimeyaandika."

Simu ya mshauri inaanza kuita kabla ya saa tano. Anamwomba mwandishi ashuke, anapandisha kioo, kisha anakiteremsha tena kidogo.

"Kesho naipeleka," anasema. "Hata mstari wa mwisho ukiwa mtupu, naipeleka. Na nimeshanunua kalamu ya wino."