Bi Mwanaasha na Kaseti ya Mama Mkwe

Kikundi cha taarabu cha Tandika hakikuwa kikipeleka kaseti dukani kabla Bi Mwanaasha hajaisikiliza. Aliimba humo kiitikio miaka kumi na minne mpaka kifua kilipomkataa, na tangu hapo kazi yake ikawa moja: kukaa mkekani na wanawake wenzake, kusikiliza, kisha kusema nani arudie. Shule aliishia darasa la nne, lakini fidla ikiteleza kidogo tu, uso ulimkunjamana kama aliyeng'ata pilipili.

Mwaka huo wa tisini na tatu kikundi kilirekodi kichekesho kizima cha kuimba, mwanzo hadi mwisho. Kijana anataka kuoa, mama mkwe hamtaki. Sehemu ya mama mkwe aliiimba Najat, bintiye Bi Mwanaasha wa mwisho.

Mwinjuma, kiongozi wa kikundi na mpiga kinanda, akabonyeza redio kaseti.

"Hicho kinanda," Bi Mwanaasha alisema kabla ubeti wa kwanza haujaisha, "umekitoa Dubai au umekiokota? Kinalia kama king'ora cha zimamoto. Ganuni na nyuzi zake mmeitupa wapi?"

"Bi Mwanaasha, siku hizi watu wanataka vya kisasa."

"Watu gani? Na huyo bwana harusi anaimba na tambuu mdomoni? Mwambieni ateme. Fidla ya pili imelala, ya kwanza inaikimbia."

Wanawake wakacheka. Ndipo mama mkwe akaingia.

"Nani kayagusa maji yangu? Nimeyapima kwa kidole. Viatu vya nani mlangoni, mbona sivijui? Sisemi kitu, mie nauliza tu."

Sauti ilikuwa ya Najat, lakini kile kikohozi kifupi kabla ya kila swali kilikuwa cha Bi Mwanaasha. Kidole ndani ya ndoo kilikuwa chake. Mtaani maji yalitoka mara moja kwa wiki. Mwenye watoto watano asipime?

Chausiku, jirani yake wa ukuta mmoja, akainuka. Akakaza kanga kiunoni, akacheza taratibu mpaka mbele ya redio na kuweka noti juu yake, vile mwimbaji anavyotuzwa jukwaani. Kutuza ni kusema: hili namwambia fulani. Macho yake hayakuwa kwenye redio. Akafuata mwingine. Wa tatu alipita karibu mno, kanga yake ikamgusa Bi Mwanaasha begani.

"Tuza na wewe, shoga," Chausiku alisema. "Au haijakugusa?"

"Imenigusa. Kaa chini, unaziba spika."

Mwinjuma akazima redio, jasho likimtoka. "Bi Mwanaasha, hatukukusudia kukuvunjia heshima. Salma wa kiitikio anaijua hiyo sehemu. Sema neno moja tu, kesho Najat tunamtoa."

Najat alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Vidole vya miguu vilionekana chini yake. Shule ilimshinda, cherehani ilimshinda. Hakuwa na kingine ila koo. Mama yake alilijua hilo, na bado neno lilikuwa limeshamfika ulimini: mtoeni.

"Rudisha," akasema. "Hapo hapo tu."

Aliinamisha kichwa, akatafuta kosa kwa hamu. Pumzi ilifika mwisho wa mstari na ikabaki. Kila neno lilisikika juu ya kelele za kinanda cha Mwinjuma. Fidla zilipokimbia, Najat hakukimbia nazo. Alizingoja, akazirudisha njiani. Hata kikohozi kilikaa sawasawa kwenye pigo la dumbaki, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Salma anaimba puani," alisema hatimaye. "Mama mkwe abaki. Wengine wote warudie, na wewe Mwinjuma uwe wa kwanza."

Najat akachomoka, machozi na kicheko pamoja. "Mama, ahsante! Mie nilidhani..."

"Sauti imepita. Wewe hujapita. Kafungashe nguo, leo unahamia kwa shangazi yako Kiwalani."

"Mama! Mpaka lini?"

"Mpaka nisahau."

Najat aliondoka kabla ya magharibi na begi moja. Kaseti ilipotoka, ililia kila kibanda cha Tandika. Bi Mwanaasha aliisikia tangu mbali, na kila mara alivuka barabara akapita upande wa pili.