Ukungu Niliouona Peke Yangu

Nilisimamisha basi la shule pembeni ya barabara, asubuhi kweupe, nikamwambia matroni, "Tusubiri kidogo, ukungu umezidi."

Matroni akachungulia dirishani. Akanigeukia.

"Ukungu gani, Kapteni?"

Nikadhani ananitania. Nikamwonyesha kwa kidole. Mbele yangu barabara yote ilikuwa nyeupe, kama mtu amepulizia kioo pumzi.

"Jua linawaka," akasema taratibu. "Hakuna ukungu."

Nyuma watoto wanaimba, hawana habari. Nikazima injini.

Sikuwasha gari tena. Nilipiga simu shuleni, wakaleta dereva mwingine, mimi nikarudi nyumbani kwa miguu nikipapasa kuta za nyumba za watu. Hiyo ndiyo siku niliyoacha udereva, na udereva ndiyo kazi pekee niliyoijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa.

Sasa usidhani ukungu ule ulinivamia siku moja. Wapi! Ulikuja kwa adabu, kama mgeni anayepiga hodi huku akivua viatu.

Mwanzo zilikuwa taa za magari jioni. Kila taa ikawa imeota nywele. Nikasema ni uchovu.

Halafu rangi zikachakaa. Mashati meupe ya wanafunzi nikayaona ya njano, nikawa nawasema wazazi moyoni: watu wa siku hizi hawafui.

Nikaenda kwa muuza miwani wa mtaani.

"Hii je?"

"Bado."

"Na hii?"

"Bado."

Alinivalisha meza nzima. Mwisho akaikunja ya mwisho akaniambia, "Kaka, shida yako siyo miwani."

Sikumuuliza shida ni nini. Niliogopa angekuwa anajua.

Nyumbani kulikuwa na mke wangu, mimba imemfikia kooni, na mama yangu, anayeishi mtaa wa pili. Mama ndiye aliyenibeba kipindi kile. Macho yangu yana muwasho tangu utotoni, vumbi kidogo tu yanakuwa mekundu kama nimetoka msibani. Mama alikuwa na dawa yake ya matone. Anakuja asubuhi, ananilaza kwenye kochi, ananifunua kope kwa kidole gumba.

"Tulia, mwanangu. Usipepese."

Tone, baridi, muwasho unakata palepale. Nilipoanza kusema sioni vizuri, akaanza kuja na jioni.

Maneno ya watu nayo hayakukawia. Dereva mwenzangu alinipigia kunipa pole, kabla hajakata akanong'ona, "Kuna mtu ana mkono wake hapo. Chunguza." Nikakaa nalo hilo wiki nzima, namhesabu kila jirani aliyewahi kunisalimia kwa ubaridi.

Basi bwana, mke wangu akajifungua. Mtoto wa kike.

Wakanipa nimshike. Chumba kimejaa shangazi na majirani, kila mtu ana lake. "Pua ya baba!" "Jamani, paji la uso la bibi!"

Mimi nimeshika joto. Kitu chepesi, kinanukia maziwa, kinahema. Nikainamisha uso mpaka nikagusa pua yake kwa yangu. Sikuona kitu. Weupe mtupu, na kivuli katikati.

"Umemwonaje mwanao?" shangazi akauliza.

"Mzuri," nikasema.

Nikaingia bafuni, nikafungulia maji yamwagike, nikalia kama mtoto mwenyewe. Nikaomba kama ni kufa nife tu, kuliko mke wangu anibebe mimi na mtoto kwenye mgongo mmoja.

Kilichonitoa shimoni ni mizani ya kliniki.

Tulimpeleka mtoto kupimwa uzito. Mke wangu anatafuta kadi kwenye mkoba, nesi akasema, "Baba, mweke hapa." Nikajitia mwanaume. Nikamshusha mtoto taratibu, nikamwachia.

Mizani haikuwa pale.

Mke wangu alimdaka. Hadi leo sijui alifikaje. Nilisikia mkoba ukitapakaa sakafuni, nikapapasa nikamkuta yuko magotini, mtoto kifuani.

Nesi hakunifokea. Alinishika kidevu akanigeuzia dirishani.

"Baba, hapa katikati ya jicho pana weupe. Hujawahi kuambiwa?"

"Na nani?"

"Mtoto wako ni mzima. Mgonjwa ni wewe. Nenda kwa daktari wa macho leo hii hii."

Mke wangu alibaki na mtoto. Aliyenishika mkono ni mama.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kijana. Akaniweka kidevu kwenye kifaa, akamulika kushoto, akamulika kulia, akamulika tena. Akasema, "Una mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

Nikacheka. Kweli kabisa, nikacheka. "Daktari, wa nyumbani mwenyewe sijamwona sura, huyu wa jicho ametoka wapi?"

Hakucheka. "Ndani ya jicho kuna lenzi, inatakiwa iwe safi kama kioo. Yako imeingia weupe. Hakuna miwani ya kusafisha hapo."

"Si ugonjwa wa wazee? Babu yangu aliupata akiwa na mvi mpaka kwenye nyusi."

"Wengi ni wazee, ndiyo. Lakini vijana wanaupata. Wengine wanazaliwa nao. Wengine ni kisukari, wengine waligongwa jicho, wengine ni wa ukoo. Umewahi kuumia?"

"Hapana."

Akanipima sukari. Iko sawa.

"Kuna dawa yoyote unayotumia?"

Hapo mama akachangamka. Nilisikia zipu ya pochi yake. "Ipo hii, daktari. Ndiyo inayomsaidia."

Nikasikia kichupa kikigeuzwa mezani.

"Mama, ametumia hii kwa muda gani?"

"Tangu yuko sekondari."

"Nani aliiandika?"

"Hospitali. Walisema ya wiki mbili. Lakini ilimfaa sana, nikaendelea kununua. Pale dukani wamenizoea, wakiniona tu wanaishusha kabla sijafungua mdomo."

Daktari akavuta kiti karibu naye. Aliongea kwa upole, na upole ule ndio ulioniogopesha.

"Mama, hii ina steroidi. Inakata muwasho haraka, ndiyo maana watu wanaipenda. Lakini ni ya siku chache, tena daktari akikufuatilia. Ikitiwa miaka inaweza kuharibu lenzi. Na inaweza kupandisha presha ndani ya jicho, ikala mshipa wa kuonea. Presha hiyo haiumi. Mtu hajui."

"Kwa hiyo ni mimi," mama akasema.

Nilitaka kusema neno, ulimi ukakataa. Nikautafuta mkono wake kwenye kiti, haukuwepo.

Habari iliyobaki ilikuwa ya nusu kwa nusu. Jicho la kulia mshipa umeshaliwa, upasuaji hautarudisha kitu. La kushoto lina nafasi. Wangetoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya bandia. Kile kichupa wakakizuia, wakanianzishia dawa ya kushusha presha, wakanipa tarehe.

Kusubiri tarehe hiyo, we acha tu. Kila nikiamka nafumba la kushoto, nalifungua, nalipima: limebaki? Limepungua? Na mama hakuja tena. Simu inaita mpaka inakata.

Siku ya upasuaji nilikuwa macho, jicho limetiwa ganzi. Niliona mwanga unaogelea, nikasikia daktari akiomba vifaa. Nilidhani ndiyo wanaanza, kumbe wamemaliza.

Asubuhi yake nesi akabandua bandeji.

Kitu cha kwanza kuona duniani kilikuwa kifungo. Kifungo cha koti la nesi, cha bluu, uzi wake umelegea. Nikakitazama kama mjinga.

Mlango ukafunguka, akaingia mke wangu na mtoto mgongoni. Amekonda. Ameweka uso wa mtu ambaye hajalala tangu ajifungue. Akamgeuza mtoto mbele.

Mwanangu ana kishimo shavuni. Upande mmoja tu.

"Mbona hukuniambia ana kishimo?"

"Nilikuachia ukione mwenyewe," akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipovunjika.

Daktari aliponiruhusu kutembea, nilimbeba mtoto nikaenda kwa mama.

Alikuwa amekaa mlangoni kwake, anamenya viazi. Nikasimama mbele yake, nikatabasamu, nikangoja.

Akainua uso.

"Karibu. Unamtafuta nani?"

Nikajua amenikana, hasira au aibu imefika huko.

"Mama. Ni mimi."

Kisu kikamponyoka. Nikachuchumaa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikautazama uso wa mama yangu kwa karibu.

Mboni zote mbili zilikuwa nyeupe kama maziwa.

"Mama, tangu lini?"

"Aah, mimi ni uzee tu."

"Mama!"

Akafuta mikono kwenye kanga, polepole, vidole vikitafuta ukingo wa nguo. "Na mimi yalikuwa yananiwasha. Nikikutia wewe lako, na mimi natia langu. Kichupa kimoja tunagawana."

"Siku ile ulikuwa umekaa mbele ya daktari! Kwa nini hukusema?"

"Siku ile bado nilikuwa naiona njia, na ilikuwa siku ya macho yako." Akapapasa chini kukitafuta kisu. "Na baada ya yale aliyoyasema nikaona, acha yangu yaende. Nimestahili."

Nikamweka mjukuu mapajani pake. Nikamwambia yale niliyoshindwa kuyasema hospitali. "Walikuuzia miaka yote hiyo, hakuna hata mmoja aliyekuuliza. Kosa lako ni kunipenda bila maelekezo. Vaa viatu twende."

Alikataa. Nilimbembeleza hadi jua likazama, nikarudi kesho yake nikaanza upya.

Mwishowe akavaa viatu. Presha ya macho yake ilikuwa imepanda, ila mshipa bado haujaliwa. Angengoja zaidi, angepoteza yote mawili. Walimfanyia moja, kisha la pili.

Walipombandua bandeji, alinitazama juu mpaka chini. Nikajua sasa atalia.

"Kumbe umekonda hivi?" akasema. "Huyu mke wako anakupikia kweli?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Usukani sikurudia, jicho moja si la kubebea watoto wa watu. Shule ilinirudisha kama mshushaji: nawapandisha wanafunzi, nawashusha, nawavusha barabara. Kuna siku nauangalia mgongo wa dereva mpya nasikia uchungu. Unapita.

Ninachokuomba wewe uliyesoma mpaka hapa ni hiki. Kijana akikwambia haoni vizuri, usimjibu kwamba umri wake bado. Na kama kwenu kuna dawa ya macho ambayo hakuna anayekumbuka nani aliiandika, ibebe kama ilivyo, kamwonyeshe daktari wa macho.

Ukienda, nenda na anayekutilia matone.