Besi Isiyokatika

Kanisa letu jipya la Masumbwe lilipokaribia kufunguliwa, kwaya yetu iliazima spika mbili kubwa za besi kutoka kwa kwaya moja ya Kahama. Mimi ndiye mpiga gitaa la besi, kwa hiyo vyombo vyote vilikuwa mikononi mwangu.

Siku tatu kabla ya sherehe tukafanya mazoezi. Kila nilipogusa uzi, mlio haukukatika. Ulibaki ukivuma, noti moja ikimeza nyingine, hadi waimbaji wakapotea. Mwalimu wa kwaya akashusha mikono.

"Umeziunguza za watu?"

Nilijiona kabisa nikisimama mbele ya wenyewe kule Kahama, nikiomba radhi.

Asubuhi iliyofuata nikaifungua spika moja kutoka kwenye boksi lake, nikaiviringisha kwenye kanga ya mke wangu, nikapanda basi hadi Nyasubi, mjini Kahama, kwa mama mmoja fundi redio niliyeelekezwa kwake.

"Shikamoo, mama. Nadhani nimeiua."

"Marahaba. Nani kakwambia imekufa?"

Akaigonga ile karatasi nyeusi ya mbele ya spika kwa ncha ya kidole. *Buuu.* Ikavuma kidogo kabla ya kutulia. Kisha akachukua kipande kifupi cha waya, akaunganisha vile vituo viwili vya nyuma vya kufungia waya, akagonga tena. *Tup.* Kimya.

"Imepata breki," akasema. "Huku nyuma kuna koili ndani ya sumaku. Karatasi ikicheza, koili nayo inacheza na inazalisha umeme wake wenyewe. Umeme huo ukipata njia ya kuzunguka, unaizuia koili, inatulia. Spika ikifungwa kwenye amplifaya, njia ni hiyo amplifaya. Inaisukuma spika, halafu inaishika. Yako umeiweka wapi?"

"Ndani, ofisini kwa mchungaji. Spika ziko nje kwenye turubai."

"Na waya?"

Nikasita. "Ule mwembamba, wa kengele ya mlango. Nimeuunga mara nne."

Alicheka hadi akavua miwani. "Umeme utapita kwa shida humo, baba. Breki umeilegeza mwenyewe. Spika ni nzima."

Nilikaa kwenye kreti la soda bila kukaribishwa. Nikamwambia wabeja, asante yetu ya Kisukuma, nadhani mara tano.

Jioni hiyohiyo niliirudisha spika kwenye boksi lake, nikahamishia amplifaya kando yake, nikafunga waya mnene usiozidi hatua mbili. Nikapiga noti moja. Ikaja nzito, ikakatika pale nilipoikata. Mwalimu wa kwaya akanyanyua mikono tuanze.

Siku ya sherehe, bibi mmoja aliacha kiti chake katikati ya wimbo wa pili, akaja kucheza mbele kabisa ya spika, mabega yakifuata kila pigo. Mchungaji akamfuata. Mimi nilikuwa nyuma yao na gitaa langu, nikicheka peke yangu.