Programu Iliyofungua Kila Faili, Hata Langu

Mkinikuta mtaani Mtanda nimeshusha kofia hadi puani, tafadhali msinisalimie.

Klabu yetu ya kompyuta ilikuwa inapanga programu ya kuchezea muziki na video. Mimi ndiye niliyepiga meza: "Ifungue kila aina ya faili, hata zile za simu za bibi!"

Zuhura, fundi wetu, akauliza, "Una uhakika?"

Nikajibu kama waziri, "Kila aina!"

Nilisahau jambo dogo. Mwaka jana nilijirekodi nikimuigiza mkuu wa shule, nikaliacha faili kwenye kompyuta hiyohiyo kwa kuwa hakuna programu iliyoweza kulifungua. Nikajiona mjanja kweli.

Ijumaa Mkuu akaja kuamua kama tutaipeleka programu yetu kwenye maonyesho ya mkoa.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Haya, fungueni faili lililoshinda programu nyingine zote."

Zuhura akabonyeza langu. Spika zikanguruma kwa sauti ya Mkuu mtupu: "Wewe mbuzi! Unaingia kwenye mikorosho ya shule bila sare? Piga magoti!"

Mkuu akakunja uso. "Mimi nilisema hivi lini?"

Nikaona upenyo. "Labda siku ile mbuzi walipovamia shamba, Mkuu."

Akatafakari, akaanza kukubali kwa kichwa. Kumbe rekodi ilikuwa haijaisha. Ikafuata sauti yangu mwenyewe, nacheka hadi nakohoa: "Jamani, Mkuu asisikie hii, mimi Hamisi nitarudishwa kijijini Rutamba nikalime!"