Lebo Ilikuwa na Jina

Jumanne, kwenye foleni ya ofisi ya usafi hapa Johannesburg, mama mmoja Mkongo, fundi cherehani wa mtaa wa Jeppestown, aliniomba nimtafsirie Kiswahili chake kwa karani. Alibeba mfuko wa nguo mpya zilizolowa. Kuna lori huja kumwaga nguo zisizouzika nyuma ya karakana yake. Safari hii ziliziba mtaro, mvua iliponyesha maji yakaingia ndani na kuharibu gauni la bibi harusi, ambalo lilikuwa limebakiza kushonwa vifungo tu.

Alitoa shati, akageuza kola. "Kaka, umuambie jina la mwenyewe liko hapa kwa lebo. Waje wachukue nguo zao."

Karani aliisoma lebo, akaigusa kwa ncha ya kalamu. "Chupa na plastiki zina sheria," alisema. "Mtengenezaji anawajibika hata baada ya kuuza. Nguo bado. Inajadiliwa."

"Mpaka lini?" mama akauliza.

Karani akapandisha mabega. Nami nikapandisha yangu, maana tafsiri nyingine sikuwa nayo.

Mama akaliacha shati juu ya kaunta, akaondoka. Karani akaniita. "Mwambie arudi achukue taka zake."

Zake! Sheria inajadiliwa, mvua zinakuja na kupita, na wakati huo wote taka ni za yule zilizomwangukia mlangoni. Nilichoka mno kumkimbilia mtu kwa ujumbe kama huo. Nilimwambia karani kwamba hilo neno "zake" limenishinda kutafsiri.