Barafu Niliyompelekea Susu

Nimelitoa koti langu la baridi sandukuni hapa Machakos. Bado linanuka utomvu wa misonobari ya nchi za baridi za kaskazini, nilikopata diploma kwa jasho langu mwenyewe. Papo hapo nikamkumbuka Susu, nyanya yangu.

Nikiwa mtoto, nilimsimulia tuliyofundishwa shuleni: kwamba huko ziwa huganda hadi lori likapita juu, kisha joto likirudi, lote huwa maji tena.

"Uongo mtupu! Mwalimu gani huyo? Kesho huendi shule, utachunga mbuzi."

Nikakimbia sokoni Ekalakala, nikaomba bonge la barafu, nikalifukia katika maranda ya seremala lisiyeyuke. Nyumbani nikalitua mbele yake, nikalipanda pekupeku. Nyayo ziliwaka kwa baridi, sikushuka.

Susu akaligusa, akaona maji yakimdondoka vidoleni, akaruka nyuma.

"Majirani, njooni! Mjukuu wangu amesimama juu ya maji!"